Matangazo ya siasa yanawafuata waumini wetu hadi nyumbani: nani katoa namba zetu?

“Bwana asifiwe. Mimi ni katibu wa baraza la wazee katika usharika mmoja mkubwa wa KKKT huku Kimara. Jumapili tunajaa hadi watu wanakaa kwenye mahema nje. Msimu wa kampeni uliopita waumini wengi walianza kuona kwenye simu zao video za mgombea mmoja, zenye nyimbo za kwaya na maneno ya kumcha Mungu, wengine jioni ile ile ya Jumapili. Baadaye zikaja meseji zinazowataja watu: ‘Shalom Mama fulani, tukumbuke katika sala na katika kura.’ Kijana mmoja akatuletea habari kwamba huko Marekani makanisa yanawekewa uzio wa mtandao, ukiingia tu simu yako imekamatwa. Wapo wazee wanaosema simu zinasikiliza mahubiri. Wapo wanaomnyooshea kidole mchungaji kwamba ameuza namba. Na sasa ndugu mmoja anayejiandaa kugombea udiwani ameahidi kutufungia Wi-Fi ya bure na kututengenezea programu ya usharika. Tufanyeje? Tupige marufuku simu ibadani? Tununue mtambo wa kuzuia mtandao?”

Amina, mtumishi. Nianze na jambo litakalompunguzia mchungaji mzigo na kuwaongezea ninyi wazee kazi: video na meseji ulizozitaja hazikupita mlango mmoja. Tangazo la video linaweza kabisa kumfuata mtu kwa sababu ya mahali alipokuwa. Meseji inayosema “Shalom Mama fulani” haiwezi. Uzio wa kidijitali haujui jina la mtu wala namba yake ya simu. Aliyetuma meseji ile alikuwa na orodha mkononi, na orodha yenye majina na namba huandikwa na binadamu. Nitarudi huko kwa kirefu, maana ndiko lilipo tatizo lenu kubwa.

Kwanza tuliondoe hili la simu kusikiliza mahubiri. Mwaka 2018 watafiti wa Northeastern University ya Boston walichunguza programu 17,260 za Android wakitafuta zile zinazowasha maikrofoni kwa siri na kutuma sauti. Hawakuikuta hata moja. Walichokikuta ni programu zilizokuwa zinarekodi kinachoonekana kwenye kioo cha simu na kukituma kwa kampuni nyingine bila mwenye simu kuambiwa, jambo ambalo nalo ni baya. Lakini sauti, hapana. Kusikiliza ibada inayochukua saa mbili kungekula chaji na bando, na mwenye simu angeweza kuona. Tena mfanyabiashara wa matangazo hana haja ya mahubiri yenu. Akijua tu kwamba simu hii hufika kwenye jengo lile kila Jumapili asubuhi na kukaa hapo mpaka ibada iishe, ameshapata anachokitaka.

Anakijuaje? Uzio wenyewe ni mchoro. Mtu anafungua ramani kwenye kompyuta, anachora mstari kuzunguka kiwanja cha kanisa, anaweka siku na saa. Hakuna kifaa kinachofungwa kanisani, kwa hiyo hata mkikagua dari na nguzo zote hamtaona kitu. Kinachofanya kazi kimo ndani ya simu za waumini. Programu nyingi za bure, ziwe za tochi, michezo, hali ya hewa, hata za nyimbo za dini, hujiendesha kwa matangazo. Unapoifungua programu ya namna hiyo, kabla tangazo halijatokea kunafanyika mnada wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Programu inawatangazia wanunuzi: ipo simu ya aina hii, iko mahali hapa, namba yake ya matangazo ni hii, nani anatoa zaidi? Mshindi anaonyesha tangazo lake. Walioshindwa nao wameshaiona taarifa ile, na wapo wanaoitunza. Mbali na mnada, kuna programu ambazo ndani yake kumewekwa kipande cha msimbo cha kampuni nyingine kinachotuma mahali ulipo mara kwa mara, hata siku usipoifungua. Taarifa hizi huishia kwa madalali wa taarifa, na wao huziuza kwa yeyote mwenye fedha.

Ndugu zetu Waislamu walishaumizwa na biashara hii. Novemba 2020 ilifichuliwa kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla iliyokuwa imepakuliwa mara milioni nyingi duniani, ilikuwa inatuma mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, nayo X-Mode ilikuwa inawauzia wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kuvunja uhusiano huo baada ya habari kutoka. Mtu alitaka kujua saa ya kuswali tu.

Wauzaji hujitetea kwamba namba ya matangazo haina jina. Ni kweli, kama namba ya gari isivyoandikwa jina la dereva. Lakini gari hilo likilala kila usiku uwanjani kwako na kushinda kila siku ofisini kwako, jirani hahitaji kadi yake ili ajue ni la nani. Utafiti mmoja wa 2013 uliotumia kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15 ulionyesha kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Nyumbani, kazini, kanisani, na kwa mama mkwe: hizo ni nukta nne.

Kijana wenu hakudanganya kuhusu Marekani. Kundi la kampeni liitwalo CatholicVote lilijitangaza lenyewe kwamba katika jimbo la Wisconsin lilikuwa limewatambua Wakatoliki 199,241 waliofika kanisani angalau mara tatu ndani ya siku 90, kwa kutumia simu zao, kisha likawalinganisha na kumbukumbu za wapiga kura kuelekea uchaguzi wa 2020. Septemba 2025 kampuni moja ilijiandikisha kwenye Wizara ya Sheria ya Marekani kama wakala anayefanya kazi kwa niaba ya serikali ya Israel. Mpango iliouwasilisha ulikuwa kuzungushia uzio makanisa makubwa ya California, Arizona, Nevada na Colorado wakati wa ibada, kisha kuwafuata waliohudhuria kwa matangazo, kwa bajeti ya zaidi ya dola milioni 3. Huo ni mpango ulioandikwa kwenye hati za serikali, wala si uvumi wa WhatsApp. Mimi naliona jambo hili kuwa baya. Mtu anapokwenda kusali hajaenda kujiandikisha kwenye orodha ya kampeni ya mtu yeyote, awe anampenda au hampendi.

Ila neno “imekamatwa” mliweke pembeni. Simu haikamatwi kwa kupita getini. Inayoonekana ni simu yenye programu inayovujisha mahali ilipo. Bibi mwenye kitochi anaingia na kutoka bila mnada wowote kumjua.

Sasa tuje Dar es Salaam. GPS ya simu janja ikiwa chini ya anga wazi hukosea kwa kama mita tano, na ndani ya jengo la zege na bati hukosea zaidi. Anayechora uzio kuzunguka Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale mjini atawapata pia wasafiri wa boti za Zanzibar, kwa sababu gati liko ng’ambo ya barabara tu. Huku kwenu, kanisa likiwa karibu na Morogoro Road, uzio utawazoa abiria wa mwendokasi, bodaboda wanaosubiri kijiweni na mama lishe wa nje ya geti. Mtangazaji makini huchuja kwa kuangalia simu iliyokaa muda mrefu na kurudi Jumapili kadhaa. Asiyekuwa makini analipia wapita njia.

Kama video zile watu waliziona Facebook au Instagram, nina shaka zaidi kama ni uzio wa kanisa. Huko mtangazaji hachori mipaka ya jengo. Duara dogo analoweza kuweka kwenye ramani linakwenda kama kilomita moja kila upande, na Januari 2022 Meta, kampuni yenye mitandao hiyo, iliondoa chaguo za kuwalenga watu kwa mambo yanayogusa dini na siasa zao. Inaelekea zaidi kwamba alilenga Ubungo nzima, au Dar nzima, akatumia nyimbo za kwaya kwa kuwa anajua kuna Wakristo wengi, na Jumapili jioni kwa kuwa watu wamepumzika na simu mkononi. Video yenye kwaya ikimfikia mwimbaji wa kwaya, yeye ataona imemjia yeye. Jirani yake anayeswali msikitini ataipita bila kuikumbuka.

Na hili linapimika. Tangazo likitokea, bonyeza nukta tatu pembeni yake, uchague sehemu inayoeleza kwa nini unaliona, upige picha ya kioo. Kusanyeni picha za watu kumi hivi. Zikisema “wanaoishi Dar es Salaam, miaka 18 na zaidi”, hakukuwa na uzio wa kanisa. Waulizeni pia majirani wasiosali kwenu, hasa wale wa upande mwingine wa mtaa. Kama nao waliiona, mna jibu. Kama iliwatokea waumini peke yao, tena ndani ya programu za michezo au za habari nje ya Facebook, hapo dhana ya uzio inapata nguvu.

Kuhusu kupiga marufuku simu, sishauri. Watu wanasoma Biblia kwenye simu, wanatoa sadaka kwa simu, na kuna daktari au mlezi wa mgonjwa aliyekaa kiti cha nyuma akisubiri kuitwa. Mtambo wa kuzuia mtandao ni kosa zaidi. Vifaa vya namna hiyo si vya kufunga bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), vinakata simu za dharura, vinawaumiza majirani, na wala havitibu ugonjwa: simu inaweza kuhifadhi mahali ilipokuwa na kutuma taarifa hiyo ikishapata mtandao njiani kurudi nyumbani. Hata kuweka simu kwenye hali ya ndegeni hakuzimi GPS katika simu nyingi.

Kinachosaidia kinafanyika kwenye simu yenyewe, mara moja, na vijana wenu wanaweza kuwafanyia wazee baada ya ibada. Ingieni kwenye mipangilio, muangalie ni programu zipi zimepewa ruhusa ya kujua mahali. Tochi haihitaji. Mchezo hauhitaji. Kitabu cha nyimbo hakihitaji. Ramani na programu za usafiri zipewe ruhusa wakati zinapotumika tu. Kisha, kwenye Android, ndani ya sehemu ya Google kuna mahali pa matangazo ambapo unaweza kufuta kabisa kitambulisho cha matangazo, yaani ile namba ya matangazo inayotangazwa mnadani. Uwezo huo umekuwapo kwa simu nyingi tangu 2022. Kwenye iPhone, tangu Aprili 2021, programu inayotaka kukufuatilia lazima ikuombe ruhusa, na jibu ni kukataa. Hatua hizi zinapunguza sana, hazimalizi. Kampuni ya simu itaendelea kujua uko karibu na mnara gani, hilo haliepukiki ukiwa na laini. Na hakuna hata moja kati ya hatua hizi itakayozuia meseji.

Ndipo turudi kwenye meseji. Hebu jiulizeni orodha za usharika wenu ziko wapi leo. Daftari la kila jumuiya, ambalo mtu alilipiga picha akalituma kwenye grupu la WhatsApp ili lisipotee. Grupu lenyewe, ambamo kila aliyemo anaziona namba za wote. Orodha ya ahadi za jengo, iliyoandikwa kwa majina, kiasi na simu. Taarifa ya lipa namba ya sadaka. Karatasi ya wageni. Kamati za harusi na misiba, ambazo orodha zake zinakaa kwenye simu ya mwenyekiti miaka mitano baada ya shughuli kwisha. Mtu wa kampeni anayetaka Wakristo elfu mbili wa Kimara hana sababu ya kununua uzio Marekani. Anahitaji mtu mmoja tu aliye tayari kumrushia faili, kisha atumie huduma ya kutuma meseji kwa wingi.

Na mtu huyo mara nyingi hajalipwa hata senti. Anaamini anamsaidia ndugu katika imani. Ndiyo maana sipendi mlianze jambo hili kwa kumsaka msaliti, na kwa mchungaji niseme wazi: kumtuhumu bila ushahidi ni kumwonea. Katika sharika nyingi mchungaji ndiye mwenye orodha chache kuliko wote. Wenye nazo ni katibu, mhasibu, viongozi wa jumuiya na wa kwaya. Anzeni na simu zenu wenyewe, ukiwamo wewe mtumishi uliyeniandikia.

Ushahidi upo, mara nyingi umo ndani ya meseji zenyewe. Angalieni jina limeandikwaje. Likija kama lilivyosajiliwa kwenye laini, majina mawili au matatu rasmi kwa herufi kubwa, chanzo kinaweza kuwa taarifa za malipo ya simu. Likija “Mama Neema”, hakuna mtandao wa simu unaomjua kwa jina hilo. Anajulikana hivyo kwenye jumuiya. Kwa maelezo yako, meseji zenu ziliandika “Mama fulani”, kwa hiyo mimi ningeanza na madaftari ya jumuiya. Chukueni meseji kama ishirini, mzilinganishe na kila orodha. Kama kuna mtu ambaye jina lake lilikosewa herufi kwenye daftari la jumuiya fulani, na meseji yake ina kosa lile lile, mmefika. Kuanzia sasa, kila nakala ya orodha inayotoka ofisini iwe na jina moja la mtego ambalo halimo kwenye nakala nyingine, likiambatana na namba ya mzee mnayemwamini. Meseji ikimfikia kwa jina hilo, mtajua imetoka nakala ipi. Magrupu ya matangazo ya usharika yabadilishwe yawe ya mfumo ambao wanachama hawaoni namba za wenzao. Orodha za harusi na misiba zifutwe shughuli ikiisha.

Sheria iko upande wenu, na pia inawadai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaziweka taarifa zinazofichua imani ya dini na itikadi ya siasa katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Orodha ya washarika ni taarifa nyeti hata kama imeandikwa majina na namba tu, kwa kuwa kuwamo ndani yake kunasema mtu anaamini nini. Anayeitumia kwa kampeni bila ridhaa anavunja sheria, na aliyempa naye hana pa kujificha. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usharika unakusanya. Waulizeni wanasheria wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani kama usajili umefanywa ngazi ya dayosisi au mnapaswa kuufanya wenyewe. Jambo hili lisiishie kwenye kusoma majibu mtandaoni, wafuateni ana kwa ana.

Kuhusu ndugu wa udiwani, programu ya usharika kataeni. Hapa sioni cha kujadili. Anayemiliki programu ndiye anayemiliki majina, namba na ruhusa ya kujua mahali, na kila kijana mtakayemhimiza aipakue mtakuwa mmemkabidhi kwa mgombea kwa mikono yenu. Wi-Fi ni ngumu kidogo, maana uhitaji upo na vijana wataifurahia. Hatari yake iko kwenye ule ukurasa unaotokea kwanza ukitaka kuunganishwa, unaokuomba jina na namba ya simu. Mwenye akaunti ya mtambo ndiye anayezikusanya. Kama kweli anataka kutoa, atoe fedha kama sadaka, zitangazwe na kuandikwa kama sadaka nyingine, kisha usharika ununue huduma kwa jina la usharika, na neno la siri libadilishwe na mtu wenu, bila ukurasa wa kujiandikisha. Na kabla hamjapokea hata hiyo, kumbukeni kwamba takrima, yaani ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na kwamba maadili ya uchaguzi hayaruhusu kampeni kwenye nyumba za ibada. Kama zawadi yake inakaribia msimu wa uchujaji wa wagombea, ulizeni kwanza ofisi ya TAKUKURU ya wilaya. Mkimweleza hivyo kwa upole na kwa maandishi, mwenye nia njema ataelewa.

Yapo mambo ambayo hayangoji kikao cha baraza. Meseji ikiwa na vitisho, nendeni polisi na simu yenyewe, msiifute meseji. Ikiwa ni ya kuomba fedha kwa kutumia jina la mchungaji, namba iliyotuma ipelekwe 15040, ambayo ni ya kuripoti utapeli. Na kama kilichovuja ni zaidi ya majina na namba, yaani mambo ya watoto wa Shule ya Jumapili, ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI mnaowahudumia, au ya ushauri wa ndoa, mpigieni mwanasheria wa dayosisi siku hiyo hiyo, pelekeni malalamiko kwenye Tume, na wahusika waambiwe na mtu wanayemwamini kabla hawajasikia mtaani.